Ukurasa wa Shukrani

Nilipofika Nyamiaga walikuwa wameshamzika Sista Leokadia. Nilichelewa makusudi, na nasema hivyo mapema ili mtu asije akanihurumia bure. Gari langu zima, barabara ya lami, na taarifa ya msiba niliipata siku mbili kabla. Nilisimama Kasulo nikaagiza chai nisiyoitaka, nikaongeza na chapati, nikaketi pale mpaka nilipopiga hesabu kwamba jeneza limeshafunikwa. Waombolezaji walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, wakanipa kiti cha plastiki chini ya turubai na sahani ya ndizi na maharage, na msomaji wa daftari la rambirambi akalitaja jina langu kwenye kipaza sauti: "Tabibu Deusdedit, aliwahi kufanya kazi na marehemu, ametoka Mwanza." Kwetu ndivyo ilivyo. Aliyeleta mkungu wa ndizi anatajwa, aliyechota maji anatajwa, aliyekuja mikono mitupu na machozi yake naye anatajwa. Nilikuwa natafuna huku nikiyasikiliza majina, mara nikamwona upande wa akina mama bibi mmoja aliyejitanda khanga ya kijani, amekaa mkekani kanyoosha miguu, ananitazama mimi tu. Alikuwa Mama Evodia, katoka Nyarubungo huko Biharamulo, safari ya karibu siku nzima kwa mtu wa umri wake. Miaka kumi na sita sijamwona. Nikahamisha kiti nyuma ya nguzo ya turubai, mtu mzima na mvi zangu, nikajificha.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tisa na kichwa kikubwa. Nilikuwa tabibu kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Nyarubungo, na Sista Leokadia alikuwa muuguzi pale tangu mimi niko shule ya msingi. Mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, miwani yake imefungwa uzi wa kushonea nguo upande mmoja, anakufokea huku anakumenyea kiazi. Kila Alhamisi alikuwa na kliniki yake ya kifafa kwenye stoo ya dawa, maana chumba kingine hakikuwepo. Mgonjwa anakaa juu ya boksi la drip, Sista anakaa juu ya boksi la glovu, na hewa yote ya mle ndani ni harufu ya spiriti na ya viazi vitamu ambavyo wagonjwa walimletea. Alikuwa na kaunta buku jeusi, limevimba kwa kushikwashikwa, na humo aliandika jambo moja ambalo hakuna aliyemtuma kuliandika: kila mgonjwa wa kifafa aliyeletwa na majeraha ya moto, nani alikuwepo alipoanguka, na kwa nini hakutolewa motoni. Jibu la swali la mwisho lilikuwa karibu lilelile kila ukurasa. Waliogopa mate. Watu waliamini kwamba mwenye kifafa akianguka na mate yake yakakugusa, na wewe utaanguka. Kwa hiyo mtu anaungua, na wenzake wamesimama mlangoni wanapiga yowe.

"Hili buku likifa na mimi nitakasirika sana," aliniambia siku moja, mdomo umejaa karanga. "Wewe umesoma. Liandike watu walisome."

Ikatokea bahati, au niliiita bahati wakati ule, akapita kwetu daktari mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu. Akalifunua lile buku akasimama wima nalo kwa saa nzima, chai yake ikapoa. Akasema hii ni makala ya jarida la sayansi za afya, isipoandikwa ni dhambi. Alituombea kibali cha kamati ya maadili, akatuachia fomu za ridhaa na kompyuta mpakato ya zamani iliyokosa kitufe kimoja, akatuagiza turudi kwa kila familia iliyomo kwenye buku, tuulize upya, kwa utaratibu. Mimi nikaona mlango umefunguka. Nilikuwa naomba nafasi ya kwenda kusoma shahada, na mtu mmoja aliyenisaili alinidokeza kwamba mwenye makala iliyochapishwa hatupwi nje kirahisi. Sista aliitaka makala ili vidonge vije na watu waache kuogopa mate. Mimi niliitaka niondoke. Tukapanda pikipiki moja, yeye nyuma na mwavuli wake, tukaanza kuzunguka.

Nyumba ya Mama Evodia ilikuwa ya udongo, safi, imefagiliwa mpaka uani kunaonekana mistari ya ufagio. Alitukaribisha jikoni, chumba cha peke yake nyuma ya nyumba, akatupa vigoda, akaweka mbele yetu ungo wa viazi vya moto. Mafiga matatu yalikuwa katikati, na mimi nilikaa karibu nayo nikipiga soga za mvua mpaka Sista aliponikanyaga mguu. Nikaelewa. Ni pale pale. Mama akasimulia bila kulia, anamenya kiazi chake polepole asile. Evodia alikuwa mtoto wake wa kwanza, miaka kumi na minne. Siku ile alikuwa anachochea moto wa maharage, akaanguka. "Walikuja wanne, wakasimama hapo mlangoni," alisema. "Wanne! Ninawajua, tunalima nao. Kila mmoja anamwambia mwenzake usimguse, usimguse. Mimi nilikuwa mtoni. Nimerudi, maharage yameungua na mwanangu ameungua."

Nilikuwa na fomu gotini. Nikaandika. Mama akaunyoosha mkono akagusa karatasi.

"Umeandika nini hapo juu?"

"Namba, mama. Kumi na saba."

"Namba ya nini?"

"Ya Evodia. Hatuandiki jina. Ni kwa ajili ya siri."

"Siri ya nani?"

"Yako, mama."

"Mimi sina siri," akasema. "Wenye siri ni wale wanne. Mwanangu si ng'ombe wa mnadani apigwe namba. Unajua wananiitaje hapa siku hizi? Mama Sostenes. Huyo ni mdogo wake. Matanga hayajaisha, wakaanza: Mama Sostenes njoo, Mama Sostenes pokea. Ati lile jina la kwanza lina mkosi. Hakuna anayelitaja tena. Hata baba yake."

Sista Leokadia, ambaye nilishamwona akishona kidonda huku anaimba, alikuwa amevua miwani. "Mama Evodia," akamwita. Yule mama akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kutikisika, na ndipo alipolia. Sista akamwacha alie mpaka amalize. Kisha akasema jina la Evodia litakuwemo kwenye hicho kitabu cha madaktari, litachapishwa kwa wino, litasomwa na watu wa mbali. Akanigeukia. "Tabibu ndiye anayeandika. Mwambie." Nikamwambia. Nilisema kwa mdomo wangu huu, viazi vyake viko tumboni mwangu: "Jina la Evodia litakuwemo, mama." Tulipotoka pale habari zilitutangulia. Kila familia tuliyoifikia baadaye ilidai hivyo hivyo, andikeni jina, na familia zile za mwanzo zikatuma watu kituoni kusema na sisi pia, na sisi.

Umeme wa kituo ulikuwa wa jua, unatosha friji ya chanjo na taa mbili. Kwa hiyo likizo ya Pasaka tulikwenda kuandikia nyumbani kwake Nyamiaga. Alikuwa na chumba cha mbele chenye makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu, na meza ndogo ambayo kompyuta na sufuria ya ndizi viligombania. Nimekaa kwenye ofisi nzuri tangu wakati ule, zenye viyoyozi na viti vya kuzunguka, na sijawahi kufanya kazi kama nilivyofanya kwenye ile meza. Tuliandika kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, kamusi katikati. Maelekezo ya jarida yalikuwa marefu kuliko makala yenyewe. Muhtasari usizidi maneno kadhaa, majedwali yakae mwisho, marejeo yafuate mtindo wao, nukta hapa, mkato pale. "Hii nukta inamponya nani?" Sista aliuliza nilipoirudia orodha ya marejeo kwa mara ya tatu. "Haimponyi mtu, ila bila hiyo hatusomwi," nikamjibu, najisikia mtaalamu. Akacheka, akaniongezea maharage.

Mwisho wa makala kuna sehemu ya shukrani, ambapo waandishi hutaja waliowasaidia. Wengi huandika mistari mitatu. Sista Leokadia alivuta kiti, akaliweka kaunta buku mapajani, akaanza kunisomea niandike: familia ya Evodia wa Nyarubungo, waliotupa viazi na habari yote, familia ya fulani wa Kasulo, waliotukinga na mvua, na kuendelea. Wafu na wazima, kila mmoja na kijiji chake na alichotoa. Kurasa mbili na nusu. Alisoma kwa sauti ileile ya msomaji wa rambirambi, anapumzika baada ya kila jina, na mimi nikaandika, na wala halikunijia wazo kwamba tunakosea. Ungewezaje kuingia nyumbani kwa mtu, ukachukua habari ya mtoto wake aliyekufa, ukaondoka usimtaje? Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote tuliyoandika. Hadi leo naamini hivyo.

Daktari alipokuja kuukagua muswada alisifia majedwali, akasifia hata Kiingereza, Mungu amsamehe. Halafu akafika mwisho. Nilikuwa uani nanawa mikono, na dirisha lilikuwa wazi.

"Sista, hili si daftari la msiba."

"Kwani ni nini, Daktari? Nusu yao wamekufa."

"Ni kazi ya sayansi. Mgonjwa hatajwi jina. Mhariri akiyaona haya hatasoma hata kichwa cha habari, na mimi nitaitwa kwenye kamati kujieleza."

"Wenyewe wametaka. Nirudi wakaweke dole gumba tena?"

"Waweke mara mia, jibu ni hilohilo."

Kisha nikaisikia sauti ya Sista, ndogo, sijapata kuisikia hivyo. "Basi jarida lenu linawaficha kama majirani wanavyowaficha."

Daktari hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke. Mimi mwenyewe nafundisha wanafunzi leo, na somo la kwanza ninalowapa ni hilo la siri ya mgonjwa, na mwanafunzi akiandika jina kwenye ripoti namrudishia nimeipiga mstari mwekundu. Kanuni ni nzuri. Iliwekwa kwa ajili ya watu wanaoogopa kujulikana. Ila hakuna aliyewahi kuniambia nifanye nini na mtu ambaye ameshafichwa kiasi cha kutosha. Daktari aliondoka akatuachia tuamue. Sista akasema yaende na majina, wakikataa tutatafuta jarida jingine, na jingine, mpaka lipatikane lenye watu. "Tuma, Tabibu," akasema. "Tuma kama ilivyo." Akaweka nakala yake kwenye flashi, akaifunga kwenye kitambaa na funguo zake.

Nyuma ya kanisa, jirani na kituo chetu, kulikuwa na kichuguu ambako modemu ilikamata mtandao. Nilipanda pale saa nne asubuhi, jua zuri, kompyuta juu ya magoti. Nikafungua muswada. Nikashuka mpaka shukrani. Nikaziwekea rangi zile kurasa mbili na nusu, nikabonyeza mara moja, zikafutika. Nikaandika badala yake kwamba waandishi wanawashukuru washiriki wote. Basi. Haikuchukua hata dakika. Kutuma ndiko kulikochukua muda, ule mstari wa bluu unajaza polepole kama mzee anayepanda mlima, na mimi namwomba Mungu mtandao usikatike. Unaona ujinga? Namwomba Mungu. Nilipomaliza nilirudi stoo nikamkuta Sista anahesabu vidonge. "Imekwenda?" Nikasema imekwenda. "Kama ilivyo?" "Kama ilivyo, Sista." Akapiga makofi, akanipa kiazi.

Kila Alhamisi iliyofuata aliniuliza swali moja, wagonjwa wakiwa wamekaa kwenye maboksi yao, masikio yamesimama. "Wamejibu?" "Bado." Walijibu kabla mvua za vuli hazijaanza. Mistari minne. Walitushukuru kwa kuwafikiria, makala haikupelekwa kwa wasomaji wa kuipima, mada yetu ilihusu eneo dogo mno kwa jarida lao, wanatutakia mafanikio kwingine. Hawakugusia majina, kwa sababu majina hayakuwepo. Nilikuwa nimemuuza Evodia, na mnunuzi hata mlango hakufungua. Nilikaa juu ya kile kichuguu mpaka matako yakafa ganzi. Ningeweza kushuka nikamwambia Sista wamekataa, tutume kwingine. Lakini najua angefanya nini. Angefungua flashi yake, angetaka tulinganishe na kile kilichotumwa, neno kwa neno, miwani puani. Chini ya barua yao kulikuwa na muswada wangu na ule mstari wangu mmoja. Daktari, ambaye alishahamia nje ya nchi, aliniandikia: poleni, tujaribu jarida jingine. Sikumjibu. Alhamisi ile Sista akauliza, "Wamejibu?" na mimi nikasema, "Bado."

Mwaka ukaisha hivyo. Nafasi ya kusoma niliipata, bila makala, kwa barua ya kawaida ya uhamisho kama watu wote. Sikuhitaji kufuta kitu. Kwa miaka mingi kila Pasaka simu yangu ilileta ujumbe wake, Tabibu wamejibu? na mimi nikaandika bado, Sista, hawa watu wana mambo mengi. Halafu Pasaka moja akaandika heri ya Pasaka tu. Sijui kama aliniamini, au alichoka, au aliniona mpaka ndani akaamua kunyamaza. Alipostaafu, kliniki ya Alhamisi ikafa naye akiwa hai. Nimeambiwa ile stoo sasa ni stoo. Moto bado unachochewa, na milangoni bado wanasimama.

Ndiyo maana nilikuwa nyuma ya nguzo. Haikusaidia. Mama Evodia alikuja kwa fimbo, taratibu, akasimama mbele yangu mpaka nikainuka. "Shikamoo, mama." "Marahaba, Tabibu. Umenenepa." Akaketi kwenye kiti changu. Akafungua fundo la khanga yake, akatoa mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko karatasi zilizokunjwa, mikunjo imekatika ikaungwa kwa gundi ya karatasi. Nikazijua kabla hajazifungua. Sista Leokadia alizitoa kwenye flashi yake, akazichapishia dukani, akampelekea mwaka uleule.

"Alikuwa ananisomea kila akija," alisema. "Sasa nisomee wewe."

Nikasoma. Juu kabisa kulikuwa na majina ya waandishi, na langu la kwanza; Sista aliliweka la kwanza mwenyewe, yeye akajiweka nyuma yangu. Nikashuka mpaka shukrani. Familia ya Evodia wa Nyarubungo, waliotupa viazi na habari yote. Alitikisa kichwa kukubali, midomo yake inatangulia maneno yangu, anayajua yote kwa moyo, yale ya wengine pia. Nilipofika mwisho akanitazama.

"Hao watu walijibu?"

Kule kwenye kipaza sauti bado walikuwa wanasoma majina. Nilikuwa na neno bado mdomoni, limezoea njia. Sijui kwa nini halikutoka. "Walijibu, mama. Mwaka uleule. Walikataa."

"Leokadia alijua?"

"Sikumwambia."

Mkono wake ulikuwa unalainisha karatasi juu ya goti, unalainisha, unalainisha. "Wakati wanakataa," akasema, "jina walikuwa wamelisoma?"

"Hapana, mama. Nililifuta mimi kabla sijatuma. Yote niliyafuta."

Hakunifokea. Nilitamani anifokee, nilitamani aichukue ile fimbo. Alikunja karatasi zake kwa mikunjo ileile, akazirudisha kwenye mfuko, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Humu limo," akasema.

Watu wa Nyarubungo walikuwa wameshapanda gari lao. Mmoja akapiga kelele kutoka barabarani, "Mama Sostenes! Mama Sostenes, tunakuacha!" Akainuka, akashika fimbo yake. "Naja," akaitika, akaenda.